Je, Waheguru wa Wasikh ndiye Brahman wa Wahindu?

SWALI: Mwalimu, nikisafiri kutoka Mombasa kwenda Nairobi huwa nasimama kula katika gurdwara, hekalu la Wasikh, ya Makindu. Ukumbini sijaona sanamu hata moja, ila kitabu kilichofunikwa vitambaa, na watu wanakisujudia. Mahekalu ya Wahindu mjini kwetu yamejaa sanamu, lakini nimesoma kwamba wasomi wao huamini Mmoja aitwaye Brahman. Basi Kalasinga ni Mhindu aliyeacha sanamu? Na Waheguru, kama wamwitavyo Mungu, ndiye huyo Brahman?

JIBU: Ndugu yangu, sanamu zisikupoteze. Wako Wahindu wasiozitaka kabisa. Arya Samaj, jumuiya iliyoanzishwa na Dayananda Saraswati mwaka 1875 na ambayo ina wafuasi hapo Nairobi pia, huabudu kwa moto na aya za Veda, maandiko ya kale kabisa ya Kihindu, wala hawajawa Wasikh kwa hilo. Idadi ya miungu nayo si kipimo. Katika Brihadaranyaka Upanishad, mojawapo ya maandiko yao ya kale ya falsafa, mwenye hekima Yajnavalkya anaulizwa miungu ni wangapi. Anajibu 3,306. Muulizaji haridhiki, anarudia swali, na hesabu inashuka: 33, 6, 3, 2, mmoja na nusu, mpaka mmoja.

Ugumu wa swali lako uko kwingine: Brahman wa nani? Shankara, mwanafalsafa wa Kihindu wa karne ya 8, alifundisha kwamba Brahman hana umbo wala sifa, na kwamba nafsi ya mtu ni huyo huyo Brahman. Utengano tunaouona ni maya, yaani kiinimacho, na Bwana mwenye sifa tunayemwomba ni Brahman kama anavyotuonekania tungali ndani ya maya hiyo. Ramanuja, mwanafalsafa mwingine, alikuja baadaye akakataa: Mungu ana sifa zote njema, nafsi na ulimwengu ni mwili wake. Madhva, karne ya 13, akatenganisha kabisa, Mungu mbali na nafsi mbali, milele. Wote watatu walisoma Upanishad zile zile.

Wasikh hawana mvutano wa namna hiyo juu ya msingi. Guru Granth Sahib, kile kitabu ulichokiona, ambayo Guru Arjan, guru (mwalimu mkuu) wao wa tano, aliikusanya kwa mara ya kwanza mwaka 1604, inafunguliwa na tamko la Guru Nanak (1469–1539), mwanzilishi wa Usikh: Mungu ni Mmoja, Jina lake ni Kweli, ni Muumba, hana hofu, hana uadui, wakati haumgusi, hazaliwi, yupo kwa nafsi yake, hujulikana kwa neema ya Guru.

Hapo kwenye kutozaliwa ndipo njia zinapoachana waziwazi. Kwa waja wa Vishnu, Mungu hushuka duniani akavaa mwili. Katika Gita, andiko lao mashuhuri, Krishna, Mungu aliyevaa mwili, anasema hujitokeza kila dharma, yaani haki na wajibu, inapodhoofika. Nanak halikubali hilo. Granth imejaa majina kama Ram na Hari, na Allah pia imo, na hapo wengi huteleza wakidhani ni Uhindu ule ule. Wasikh watakwambia Ram huyo si mwana wa mfalme Dasharatha, yule ambaye Wahindu husema ni Vishnu aliyevaa mwili. Tena katika Japji, sala ya alfajiri, Nanak anawataja watatu, mmoja huumba, mmoja huruzuku, mmoja huhukumu, na mapokeo huwasoma kuwa Brahma, Vishnu na Shiva. Hufanya kazi kwa amri ya Mungu tu. Mungu anawaona, wao hawamwoni.

Shankara ndiye anayefanana na Usikh kwa mbali, na mfanano huo unadanganya. Ni kweli, Guru Arjan anasema Mmoja huyo hana sifa na tena ana sifa, na kwamba nuru ya mtu huingia katika Nuru kama maji yaingiavyo majini. Lakini Nanak katika Asa di Var, utenzi uliomo katika Granth, anasema ulimwengu ni kweli, kwa kuwa aliyeuumba ni Kweli. Maya kwake ni ule mshikamano wa moyo na mali na nafsi, na dawa yake ni kulikumbuka Jina huku ukifanya kazi na kulea watoto. Tena mtu hafiki kwa Mungu kwa njia ya elimu yake. Hufikishwa kwa neema. Ukinibana, nitasema Nanak yuko karibu zaidi na Ramanuja, ila Ramanuja anakubali Mungu kushuka na kuabudiwa katika sanamu.

Sasa kile kitabu. Mwaka 1708 Guru Gobind Singh alifunga mlolongo wa maguru wanadamu, akaikabidhi Granth uguru. Msikh anayesujudu analiheshimu neno la Guru. Haamini kwamba Mungu amekaa katika karatasi. Sanamu ya Kihindu ni habari nyingine: kabla ya prana pratishtha, ibada ya kuitia uhai, ni jiwe tu, baada yake, kwa waja wengi, Mungu yumo, ndiyo maana huogeshwa, huvikwa na kuandaliwa chakula. Nakiri kwamba mgeni akiona Granth ikipepewa mchana na kulazwa kitandani usiku ataona ni yale yale. Wasikh wanaijua hoja hiyo na hawaipendi.

Wala usimwite mwenyeji wako wa Makindu Mhindu. Katiba ya India, katika maelezo ya kifungu cha 25, inawahesabu Wasikh pamoja na Wahindu, na Wasikh wengi bado wanalalamikia jambo hilo.