Fundi, Hiace imevuta hewa

Shikamoo fundi. Hiace yangu ya injini 3L ilibadilishwa filta ya dizeli juzi. Tangu hapo starta inazunguka tu, gari haiwaki. (Msomaji, Kasulu)

Marahaba. Filta ilifungwa ikiwa tupu, na hewa iliyokuwa ndani imekaa njiani. Dizeli haibonyei, hewa inabonyea. Kwa hiyo pampu ya injini inasukuma lakini shinikizo la kufungua nozo, yaani kinachopuliza dizeli ndani ya injini, halifiki.

Juu ya nyumba ya filta kuna kitufe kipana cha kubonyeza kwa kiganja. Hiyo ndiyo pampu ya mkono. Kama kuna skrubu ya kutolea hewa, ilegeze kidogo, weka kitambaa chini, bonyeza hadi dizeli itoke bila mapovu, kisha kaza huku kitufe bado kimebonyezwa. Kama haipo, bonyeza tu mpaka kitufe kiwe kigumu. Usiwe na haraka, wengi huacha mapema.

Ikigoma, legeza nati za mabomba upande wa nozo, kwa kawaida spana namba 17, mzunguko mmoja tu. Mwenzako apige starta sekunde 10 hivi, aipumzishe, apige tena. Bomba linaloanza kurusha dizeli, likaze. Mbili tatu zikishakazwa injini huwaka kwa kukohoa, halafu inatulia yenyewe. Futa dizeli yote iliyomwagika kabla hujaondoka, hasa kwenye mipira na mikanda.

Yangu ni D-4D, injini 1KD. Fundi anataka kulegeza mabomba ya nozo vilevile. (Mwanga, Kigoma mjini)

Mkatalie. Humo shinikizo hupita bar 1,000, wakati tairi lako halifiki hata 10. Dizeli ikichirizika kwa nguvu hiyo hupenya ngozi; nje unaona kitundu kama cha sindano, ndani nyama inaharibika. Aliyepatwa na hilo asisubiri uvimbe, aende hospitali ya Maweni saa hiyohiyo na awaambie madaktari ni dizeli ya shinikizo. Kwa injini hii pampu ya mkono ya filta na starta vinatosha kutoa hewa.

Kila asubuhi lazima nipampu kwa mkono ndipo iwake. Mchana haina shida. Nimekagua chini, hakuna hata tone. Fundi ameshanitoza hela ya kutoa hewa mara tatu. (Ujiji)

Swali hili ndilo napata zaidi, na tatizo ni kwamba watu wanatafuta tone. Kuanzia tangini hadi kwenye pampu ya injini, dizeli inavutwa, haisukumwi. Palipo na ufa, hewa inaingia ndani. Dizeli haitoki nje. Usiku dizeli inarudi tangini taratibu, asubuhi bomba liko tupu. Kwa hiyo aliyekutoza hela ya kutoa hewa mara tatu hajatengeneza kitu, tundu bado lipo.

Nunua mpira mwepesi unaoonyesha ndani, uunge kati ya filta na pampu, washa gari na utazame. Mapovu yakipita, tundu liko kabla ya hapo. Kisha chukua dumu la dizeli safi, liweke juu kuliko injini, uvute kutoka humo moja kwa moja bila kupitia filta wala tangi. Mapovu yakiisha, rudisha filta peke yake na ushushe dumu chini ya filta ili dizeli ivutwe. Yakirudi, ni filta: oringi yake (raba ya duara ya kuzibia), skrubu ya kumwagia maji chini, au raba ya ile pampu ya mkono, ambayo kwenye Toyota za zamani huchoka sana. Yasiporudi, fuata bomba hadi tangini; tazama penye klempu na penye kutu. Vipande vya mpira vilivyokauka vikatwe, visifungwe gundi.

Nimeshauriwa kumwaga petroli kidogo kwenye njia ya hewa ili iwake haraka. (Uvinza)

Hapana. Inaweza kulipuka usoni mwako, au ikapinda kishikio cha pistoni.

Nimepampu hadi kitufe kimekuwa kigumu, nimelegeza nati zote, hairuki dizeli hata kidogo. (Kibondo)

Hapo acha habari ya hewa. Kwenye pampu ya 3L kuna swichi ya umeme inayofungua na kufunga dizeli, na waya wake mmoja huchomoka kirahisi wakati wa matengenezo. Washa ufunguo bila kupiga starta. Lazima usikie "ta". Ukikosa mlio, pima kama umeme wa volti 12 unafika kwenye waya. Haufiki, kagua fyuzi na kiungo. Unafika na mlio hakuna, swichi imekufa, badilisha.