Shule imefungwa na mwisho wa mwaka unakuja: tulivyofanya sisi Lamu 2020

Salaam kwenu wote. Uzi huu naufuata tangu jana usiku, na majibu mengi naona ni ya futeni kila kitu mrudishe pesa, ama ngojeni tu Mungu ni mwema, nikaona siwezi kupita kimya manake hali hii nimeipitia mwenyewe na mpaka leo iko moyoni. Kwa atakayeingia sasa hivi, dada yetu wa Malindi anasema shule ya mwanawe ilifungwa baada ya vyoo kutitia kwenye mvua, watu wa afya wakaja na barua yao, na hii ni wiki ya kumi watoto wako nyumbani. Gredi ya tisa wana mtihani wa KJSEA, ule wa kumaliza sekondari ya chini, mwisho wa mwaka, wazazi walishatoa shilingi 1,500 kila mmoja za sherehe ya kuwaaga, Jumamosi kuna mkutano na kamati imegawanyika. Nusu wataka sherehe ifutwe, nusu wataka isongezwe, na mwalimu mkuu amesema tungoje.

Dadangu, hiyo "tungoje" ndiyo inayonitisha mimi, si vyoo wala sherehe.

2020 nilikuwa mwalimu wa darasa la nane kwenye shule moja ya msingi hapa kisiwani Amu. Mwezi wa pili mimi na watoto wangu tulikuwa tumebandika ukutani karatasi kubwa ya manila, tumeandika kwa kalamu nyekundu na buluu mipango yote ya mwaka, mok ya kwanza, mok ya pili, siku ya picha, siku ya dua, halafu chini kabisa kwa herufi kubwa KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi wakati ule. Aliyeandika ni mtoto mmoja wa Wiyoni mwenye hati nzuri sana, alitoa ulimi nje mwanzo mpaka mwisho kwa kukazana. Jumapili tarehe 15 Machi rais Uhuru akatangaza shule zifungwe kwa sababu ya korona, na Jumatatu nikaingia darasani peke yangu kuchukua vitabu, ile karatasi iko pale ukutani inaniangalia.

Sasa kosa letu la kwanza. Sisi tulidhani kazi ya shule wakati imefungwa ni kuwapa wazazi tarehe. Kwenye groupu ya wasap tukaandika tutafungua baada ya Pasaka. Pasaka ikapita. Tukaandika baada ya Idd. Idd ikaja mwisho wa mwezi wa tano, tena na kafyu, watu hata Idd yenyewe hawakuisherehekea kama tulivyozoea, ikapita. Tukaandika tena. Na hatukuwa tunadanganya, tulikuwa tunashika maneno ya redio na kuyageuza ahadi. Mzazi mmoja alikuja mpaka nyumbani kwangu akasimama mlangoni, akaniambia mwalimu, kijana wangu aliitwa kazi kisiwa cha Manda ya kukata mawe, mimi nikamzuia kwa sababu mlisema shule yafunguliwa, sasa ile kazi amepewa mwengine na nyumbani hakuna kitu, nyinyi mwatuambia nini? Sikuwa na jibu. Utalii ulikuwa umekufa, wenye mashua za wageni wamezivuta pwani, wapishi wa mahoteli wamerudishwa makwao, na yule baba alikuwa ametuamini kwa gharama ya chakula cha nyumba yake. Baada ya tarehe ya tatu hakuna mtu aliyejibu tena kwenye groupu, hata salamu.

Halafu tarehe 7 Julai waziri wa elimu Magoha, Mungu amrehemu, akatangaza mwaka wa masomo wa 2020 umepotea, hakuna KCPE wala KCSE ya kidato cha nne mwaka huo, watoto watarudi Januari 2021 darasa lile lile. Hapo shule yetu ikafanya kosa la pili ambalo kwangu ni kubwa kuliko la kwanza. Tukaambiwa na wakubwa wetu pale shuleni basi, mwaka umekufa, funga ofisi, tuonane Januari. Mipango yote ikawekwa kwenye kabati. Na wiki ile ile vijana wangu wakatawanyika kama dagaa waliokatiwa wavu. Wengine Manda mawe, wengine kukata boriti za mikoko, wengine baharini kuzamia kamba, mmoja alikuwa na punda wa mjombake anabeba mchanga na mabloku hapa mjini nakutana naye kila asubuhi ananiamkia kwa aibu kama ameiba. Wasichana tukawa hatuwaoni kabisa, na ukisikia msichana wa darasa la nane haonekani kwa wiki sita usikae nyumbani ukangoja mwaka mpya.

Tulikuwa watatu, mimi na walimu wawili, mmoja wao wa bodi, yaani aliyeajiriwa na bodi ya shule si serikali, ambaye tangu Machi hakuwa amepata hata senti na alikuwa auza samaki sokoni (sisi wa TSC, tume ya serikali ya kuajiri walimu, mshahara ulikuwa waingia, naye alijitolea kuliko wengi wetu, hilo nitalisema popote). Tukachukua daftari la mahudhurio tukanunua kitabu kingine cha mistari, na tukaanza kuandika jina kwa jina. Jina la mtoto, yuko wapi leo, analala kwa nani, simu ya nani inaweza kumfikia, anafanya kazi gani, mara ya mwisho nani alimuona kwa macho yake. Tulikuwa na watoto 43. Siku ya kwanza tuliweza kujaza 19 peke yake, yaani watoto 24 wa mtihani sisi walimu wao hatukujua wako wapi. Niliona vibaya sana siku hiyo.

Wazazi wenye simu za kuingia intaneti walikuwa kama theluthi, waliobaki ni kabambe, simu ndogo za kupiga tu, na bando lenyewe nani alinunue wakati unga ni shida. Vipindi vya redio vya KICD, taasisi ya serikali ya mitaala, vilikuwepo, vilisaidia walio na redio na mtu wa kuwahimiza. Lakini watoto wengi walikuwa wamepelekwa kwa nyanya zao Faza, Siyu, Kizingitini, kisiwa cha Pate, na kule ukitaka habari huulizi simu, unauliza chombo. Basi tukaenda jetini. Yule nahodha wa mashua ya abiria ya kwenda upande wa Pate anajua kila nyumba, anajua nani kashuka jeti ya Mtangawanda na begi la shule na nani kashuka na kitoto mgongoni. Nikampa orodha ya majina kumi na moja, akaisoma pole pole kidole juu ya karatasi, akaniambia huyu yuko, huyu yuko, huyu ameenda Kiunga na babake, huyu mwalimu nenda mwenyewe ukazungumze na mamake usitume mtu. Nikamuelewa.

Tangu hapo kila baada ya wiki mbili tulikuwa tunatengeneza bahasha za kaki, kila moja jina la mtoto na jina la mwenye nyumba, ndani karatasi sita saba za maswali tumepiga fotokopi kwa pesa zetu na za wafadhili wawili wa hapa mtaani, na barua fupi ya mkono. Barua hiyo haikuwa na tarehe hata moja. Ilisema hivi tu, wewe bado ni mtoto wa darasa letu, jina lako liko, maliza hizi umpe nahodha. Bahasha zinafungwa kwenye mfuko wa plastiki zisilowe, zinangoja maji yajae kwa sababu Mkanda, ule mlango wa bahari wa kupitia, maji yakitoka haupitiki, halafu zinaenda. Zilirudi nusu, wakati mwengine chini ya nusu. Nyengine zilirudi na magamba ya samaki. Lakini kila iliyorudi tulijua mtoto yuko hai, yuko pale, na bado anashika kalamu, tunaandika kwenye kitabu.

Sasa sikiliza kwa nini nakuambia yote haya. Tarehe 6 Oktoba, ghafla, ikatangazwa gredi ya nne, darasa la nane na kidato cha nne warudi tarehe 12 Oktoba. Siku sita. Kila mtu alikuwa amejipangia Januari. Shule zilizokuwa zimefunga kabati zilianza kuuliza watoto wako wapi siku hiyo hiyo, sisi tulikuwa na kitabu. Tulipiga simu usiku, nahodha akapewa orodha, imamu akatangaza msikitini, mchungaji naye akatangaza kanisani kwake. Tarehe 12 walikaa darasani watoto 31, mwisho wa wiki 38, na mpaka mtihani walikuwa 41. Mmoja wao ni msichana aliyejifungua mwezi wa tisa, akarudi, mamake akawa anamletea mtoto wakati wa mapumziko anyonye. Wawili hatukuwapata. Majina yao ninayo kwenye kile kitabu, yako peke yao ukurasa wa nyuma.

Muhula wa pili ulikwenda mpaka Disemba 23, wa tatu Januari 4 mpaka katikati ya Machi, na KCPE ya 2020 ikafanywa 2021, tarehe 22 mpaka 24 Machi. Haya madarasa mengine yalirudi Januari na kalenda ikabanwa miaka miwili, hiyo ni hadithi nyengine.

Pesa. Na sisi tulikuwa tumechangisha, 500 kila mzazi, ya picha na chakula cha siku ya dua. Mwezi wa saba watu wakaanza kunung'unika chini chini, na manung'uniko ya pesa hayangoji shule ifunguliwe. Tuliandika hesabu yote kwenye karatasi moja, zimeingia ngapi, mpiga picha amepewa adivansi ngapi, zimebaki ngapi, ziko wapi, tukabandika kwenye lango la shule na tukatuma picha yake. Na tukasema mwenye kutaka zake aje achukue, hataulizwa sababu. Walikuja tisa. Hakuna aliyeaibishwa, na watoto wa wale tisa siku ya dua walikula kama wenzao. Kwa hiyo dada, wanaosema mrudishe pesa na wanaosema zikae, wote wanaweza kupata wanachotaka, mradi mweka hazina alete hesabu Jumamosi kabla ya kuulizwa. Akisema hesabu nitaleta mkutano ujao, hapo ndipo mtakapogombana kweli.

Sherehe msiifute. Naomba sana hilo. Iondoeni kwenye tarehe na muifunge kwenye tukio, yaani semeni itakuwa siku fulani kabla ya mtihani popote mtihani utakapofanyiwa, hata kama ni kwenye uwanja wa shule ya jirani. Sisi siku yetu ya dua tuliifanya Alhamisi ile kabla ya mtihani, tarehe 18 Machi, chini ya mwarobaini nje ya darasa, kila mtoto na mzazi mmoja tu, barakoa, viti mbali mbali. Hakukuwa na tenti wala muziki wala keki. Mahamri, mbaazi, chai ya tangawizi. Maalim akasoma dua, mchungaji akaomba na watoto wake, halafu kila mtoto akaitwa jina akasimama. Nahodha tulimualika, akaja na kanzu imepigwa pasi, akakaa mstari wa wazazi, na watoto wa Faza walipoitwa alikuwa anapiga makofi kuliko mama zao. Ile manila ya mwaka uliopita ilikuwa bado ukutani, unyevu umeila pembe moja, tarehe zote zimepitwa. Yule mtoto wa Wiyoni akaomba aibandue aende nayo kwao. Nikampa.

Kuhusu mtihani wenyewe, hapo hamna muda. Usajili najua ulishafanywa, lakini mtu wa kamati aende ofisi ya elimu ya kaunti ndogo wiki hii hii na barua ya watu wa afya mkononi, aulize watoto watafanyia kituo gani vyoo visipokwisha, na ombeni jibu kwa maandishi. Ulizeni pia kazi za vitendo za KJSEA zitafanyiwa wapi na nani atasimamia, kwa sababu hizo haziji siku ya mwisho. Ile mitihani yenyewe ni asilimia 60 ya matokeo, 20 ni mtihani wa KPSEA wa gredi ya sita na 20 ni alama za shuleni za gredi ya saba na ya nane, kwa hivyo hakikisheni hizo alama za nyuma ziko na zimeingizwa, zisiwe zimefungiwa kwenye ofisi ambayo hamruhusiwi kuingia. Na walimu wa bodi, semeni wazi wanalipwa na nani miezi hii, kama hakuna atakayewalipa mjue leo.

Jumamosi, kabla ya ajenda ya sherehe, inua mkono uombe rejista ya gredi ya tisa isomwe mbele ya watu wote jina kwa jina, na kwa kila jina mtu aseme mtoto yuko wapi leo. Yule ambaye hakuna mzazi wala mwalimu atakayemjibia, muandike, na mkubaliane nani anaenda nyumbani kwao Jumapili.