Shearer na medali ambazo hakuzifuata

Mhariri, mmeuliza kama Alan Shearer, yule straika wa Uingereza, alikosea mwaka 1996 alipoikataa Manchester United akaenda Newcastle. Swali limenikera, maana lina dharau ndani yake: mtu akichagua kwao badala ya makombe, basi ana kesi ya kujibu. Mimi naona la kuulizwa ni lingine: straika akishastaafu, anakumbukwa kwa lipi?

Shearer ni mtoto wa Newcastle, baba yake fundi wa mabati. Mwaka 1984, mchezaji Kevin Keegan alipoagwa St James' Park, uwanja wa Newcastle, yeye alikuwa mmoja wa vijana waokota mipira. Keegan huyohuyo, sasa kocha, ndiye aliyemchukua kutoka Blackburn kwa pauni milioni 15, rekodi ya dunia wakati ule. Na ubingwa wa ligi alikuwa nao tayari, aliouchukua na Blackburn 1995, msimu aliotupia mabao 34.

Mimi namkumbuka kwa goli moja. Jumapili, tarehe 1 Desemba 2002, tuko kibanda umiza huku Ngamiani, Tanga. Diego Forlán wa United kaifunga Liverpool mawili pale Anfield, na banda zima ni la Manchester, kwa hiyo hakukaliki. Mechi ilipokwisha wakatoka wote kwa nyimbo, wakabaki wachache wa kuangalia Newcastle na Everton. Mwenye banda alikuwa ameshaanza kupanga mabenchi ukutani. Everton wanaongoza, goli la Kevin Campbell, na wako pungufu lakini wamekaza kwelikweli. Nyuma yangu kulikuwa na mzee anayesubiri taarifa ya habari, mpira haumhusu kabisa.

Dakika ya 86 ukapigwa mpira mrefu, Shola Ameobi wa Newcastle akaushusha kwa kichwa. Shearer yuko mbali, nje kabisa ya boksi. Hakuutuliza, wala hakuusubiri udunde. Aliupiga ukiwa hewani, mguu wa kulia, mwili wote umelalia shuti, na kipa wa Everton, Richard Wright, akaruka bure. Yule mzee alisimama akauliza, "Nani huyo?" Nikamwambia. Akauliza tena anatoka wapi, nikamwambia ni wa hapohapo, kwao. Akakaa, akaangalia mpaka mwisho, Newcastle wakashinda 2-1. Taarifa ya habari ikampita. Waliokuwa wametoka wakarudi kuchungulia mlangoni kuona kelele ni za nini, na Shearer bado anakimbia, mkono mmoja juu, kiganja wazi, kama kawaida yake.

Hicho ndicho ninachokitetea. Ila lazima niseme na upande wa pili, kwa sababu nikianza kuhesabu napata tabu. Tangu akatae, United walichukua ligi 1997, 1999, 2000, 2001 na 2003. Yeye Newcastle hakuambulia hata kombe moja kubwa. Alifika fainali ya Kombe la FA mara mbili mfululizo, 1998 na 1999, zote wakafungwa 2-0, na ya pili na United wenyewe, mwaka wao wa makombe matatu. Kwa mtu aliyemaliza na mabao 260 ya Ligi Kuu, hilo linauma. Wanaosema rekodi ya Newcastle inatosha, mabao 206 na kumpita Jackie Milburn aliyekuwa akiishikilia, nawaelewa, lakini sidhani kwamba yeye mwenyewe hakuzitamani zile medali.

Basi angekuwa mdogo wangu, kwa ninayoyajua leo ningemwambia aende Manchester. Kumbukeni tu kwamba Julai 1997 aliumia vibaya kifundo cha mguu, na jeraha kama lile halichagui jezi. Tena Keegan, ambaye Shearer alimfuata Newcastle, alijiuzulu Januari 1997, msimu ukiwa nusu. Angeniuliza Januari hiyo, ningemjibu papo hapo: nenda Manchester. Lakini Julai 1996, Keegan yupo na timu imetoka kumaliza ya pili nyuma ya hao hao United, sijui kama ningethubutu kumwambia asirudi kwao.