Kuweka siga nzuri miaka mitano Malindi bila kuzimaliza njiani

Ndugu yetu wa Malindi ameuliza hivi: aliletewa kutoka Dubai kasha la siga 25 za Cuba, aina ya Partagás Serie D No. 4, akapania kuliweka miaka 5 likomae, na sasa, miezi minne baadaye, zimebaki 14. Afanye nini asizimalize? Na je, joto na unyevu wa Pwani vinaruhusu kweli siga kukaa muda huo? Nitayajibu yote mawili kwa pamoja, maana kwa hali ya hewa yetu kinachoilinda siga na ukungu ndicho hicho kinachoilinda na mkono wa mwenyewe.

Tuanze na mkono. Kinachomaliza kasha zuri mara nyingi si hamu ya siga ile hasa. Jioni imefika, kazi zimekwisha, mtu anataka kuvuta, na nyumbani hamna kingine. Hapo mkono huenda kwenye kilichopo. Dawa basi ni kuwa na siga za kawaida, tena za kutosha, kabla hujaanza kuhesabu miaka ya zile nzuri. Anayevuta mbili kwa wiki anahitaji zaidi ya 100 kwa mwaka. Kasha moja la 25 peke yake litamwishia ndani ya miezi mitatu, ajizuie asijizuie. Weka akiba ya miezi hiyo mitatu, yaani 25 hivi za bei ya chini, zinazovutika vizuri zikiwa changa, na zikibaki 10 agiza nyingine. Usingoje ziishe. Wiki moja tu ya kukosa za kawaida inatosha kuivunja akiba.

Kwa matumizi hayo mimi naziona Toscano zinafaa sana, na wageni wa Kiitaliano wanaokuja Malindi wanazijua vizuri. Ukiwa na jirani anayesafiri, muagize. Zinatengenezwa kwa tumbaku aina ya Kentucky iliyokaushwa kwa moto wa kuni, zimenenepa katikati na kuchongoka pande zote mbili, na desturi yao ni kukatwa katikati zikawa mbili. Nusu moja inatosha kabisa kwa jioni. Hazitaki unyevu mwingi kama za Cuba. Ila zina harufu kali ya moshi, na harufu hiyo huhamia, kwa hiyo zisikae chombo kimoja na Partagás hata siku moja.

Jambo jingine ni kujua kama siga uliyonayo inahitaji kusubiriwa. Zipo ambazo kiwanda kimeshakusubiria: Padrón 1964 Anniversary, kwa mfano, hutumia tumbaku iliyowekwa miaka 4 au zaidi kabla ya kukunjwa, na unaweza kuivuta bila kujuta mara ikishatulia na safari. Siga nyepesi, zenye jani la nje la rangi ya majani makavu, nazo hazina sababu ya kungoja muda mrefu. Mara nyingi zinapoteza zaidi ya zinavyopata. Serie D No. 4 ni habari nyingine. Ni nene (kipimo cha unene 50, yaani milimita 20 hivi, na urefu wa milimita 124) na ina nguvu. Ikiwa changa huja na ukali wa pilipili, na pengine harufu kama ya amonia, mabaki ya uchachu wa majani. Ukali huo ndio unaotulia kadiri miaka inavyokwenda. Siga iliyokuwa dhaifu tangu mwanzo haitapata nguvu kwa kuwekwa. Niseme na hili wazi: kusubiri hakupunguzi madhara. Ya miaka 10 ina nikotini na moshi kama ya jana, na kama unachotafuta jioni ni nikotini tu, ni kosa kuichoma iliyo bora.

Sasa chombo. Maelekezo mengi yameandikwa kwa nchi za baridi, ambako kazi ni kuongeza maji. Sisi kazi yetu ni kuyatoa. Hewa ya Malindi mara nyingi ina unyevu wa asilimia 75 hadi 80, na joto la mchana ni nyuzi 28 hadi 32; siga ya kukomaa inataka asilimia 62 hadi 65 na nyuzi 18 hivi. Kile kisanduku kizuri cha mbao chenye kifuniko cha kioo hakifai hapa kwa akiba ya muda mrefu. Kinapitisha hewa, na ndani patakuwa sawa na nje.

Kinachofaa ni mkebe wa plastiki wa chakula wenye mpira mdomoni na vibano pande nne, au boksi la barafu jipya kama akiba ni kubwa. Jipya nasema, si lililowahi kubeba samaki. Ujaribu kwanza: weka karatasi ya shashi ndani, funga, uuzamishe kwenye beseni la maji dakika 10, karatasi ikilowa, mpira haufai. Ndani weka kasha lenyewe la siga kama lilivyo. Mbao zake ni Cedrela odorata, na hizo zinatosha, usiongeze mbao nyingine. Juu yake weka pakiti za kudhibiti unyevu za Boveda, zile zinazotoa na kunyonya maji zenyewe. Kipimo ni pakiti moja ya gramu 60 kwa kila siga 25. Chukua za asilimia 65, au 62 kama huna friji. Za 69 na 72 ziwachie wenzetu wa mbali. Kwa joto letu ni kukaribisha ukungu.

Pakiti mpya ipime kwenye mzani mdogo wa kidijitali kabla ya kuitumia, uandike uzito na tarehe juu yake kwa kalamu ya wino usiofutika. Katika nchi kavu hupungua uzito hadi ikakauka. Kwetu hufanya kinyume: hunenepa, ikawa kama mfuko wa maji. Ikiwa imeongezeka gramu 10 au zaidi, usingoje, ibadilishe, na utafute hewa inaingilia wapi.

Kipima unyevu usikiamini kabla ya kukijaribu. Chukua kizibo cha chupa, tia chumvi ya mezani nusu yake, dondoshea maji kidogo kidogo hadi iwe kama uji mzito wa mchanga, isiyeyuke wala maji yasielee juu. Weka kizibo na kipimo ndani ya chupa ya jamu, funga kabisa, uache saa 24 mahali pasipobadilika joto. Lazima kisome 75. Kikisoma 79, ujue kinazidisha 4, na hiyo 4 uitoe kila unaposoma. Kosa kubwa hapa ni kutia maji mengi: chumvi ikiyeyuka yote, kipimo kitapanda na utakilaumu bure.

Kuhusu friji ya mvinyo. Ni chombo kizuri, lakini zile ndogo zisizo na kompresa huweza kushusha joto kiasi tu chini ya joto la chumba. Mwezi Machi zinafanya kazi mfululizo na bado hazifiki 18. Yenye kompresa ndiyo ya kununua. Hata hiyo, siga zikae ndani ya mikebe yao iliyofungwa, zisiachwe wazi kwenye rafu, na sababu yake inafaa kuelezwa kwa hesabu. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 75 imebeba karibu gramu 23 za maji kwa kila mita moja ya ujazo. Hewa ya nyuzi 18 yenye asilimia 65 inabeba 10 tu. Kila unapofungua mlango wa friji ya lita 50 na hewa yote ikabadilika, umeingiza zaidi ya nusu gramu ya maji ya ziada, na ndiyo matone unayoyaona kwenye ukuta wa nyuma. Fungua mara moja kila siku kwa mwezi mzima, ukitazama tu, na umetia karibu gramu 20. Hapo ndipo ukungu unapozaliwa. Kwa hiyo ile tabia ya kufungua ili unuse, uguse, uhesabu, usidhani ni kosa dogo kwa kuwa hukuvuta.

Kama huna friji, tafuta chumba cha ndani kabisa, kisicho na ukuta unaopigwa na jua la alasiri. Wenzetu wa Mji wa Kale Lamu, wenye nyumba za kuta nene za mawe ya matumbawe, wana nafuu kwa joto kwa kuwa vyumba vya ndani havibadiliki sana mchana na usiku. Lakini kuta hizo za chokaa hutoa unyevunyevu, hasa masika. Usiweke mkebe kwenye kidaka wala chini sakafuni. Uinue juu ya meza, mbali na ukuta kwa upana wa kiganja. Na usiutie katika kasha la nguo. Udi, marashi na dawa ya nondo vitaingia kwenye tumbaku na havitatoka tena.

Bila friji, hofu kubwa kuliko ukungu ni mdudu wa tumbaku, Lasioderma serricorne, kijidudu cha kahawia cha milimita 2 hadi 3. Ndiye yuleyule anayeonekana kwenye pilipili ya unga na bizari iliyokaa, kwa hiyo siga zisikae stoo ya jikoni. Mayai huja na tumbaku yenyewe, na joto letu ndilo analolitaka. Dalili ni tundu la duara safi kama la pini nene, na unga wa kahawia chini ya kasha. Akishatoboa moja, kagua zote.

Kinga yake ni friza, na ifanywe siku siga zinapofika, kabla ya kitu kingine chochote. Zifunge kwenye mkebe usiopitisha hewa, zijae vizuri ili nafasi tupu iwe ndogo. Saa 24 ndani ya friji ya kawaida, kisha friza yenye nyuzi 18 chini ya sifuri au zaidi kwa siku 3 kamili (kwa friza za nyumbani zinazofunguliwa mara kwa mara mimi nashauri 5), kisha saa 24 nyingine kwenye friji, na saa 24 chumbani. Mkebe usifunguliwe muda wote huo. Ukifungua zikiwa baridi, hewa yetu itaacha matone ya maji juu ya jani la nje, nalo hupasuka. Stima ikikatika katikati na barafu ikalainika, anza kuhesabu siku upya.

Ukungu ukitokea, usidanganywe na wanaosema unga mweupe juu ya siga ni alama ya kukomaa. Mara nyingi ni ukungu tu. Ukiwa mweupe na uko juu ya jani, ufute kwa brashi laini nje ya nyumba, zitenge siga hizo, ushushe unyevu. Ukiwa wa kijani au buluu, au umeingia kwenye mdomo wa kuwashia, tupa.

Kabla ya kufunga akiba, geuza kasha utazame chini. Makasha ya Cuba yana muhuri wa herufi za kiwanda, na chini yake mwezi kwa Kihispania na mwaka: ENE ni Januari, ABR ni Aprili, AGO ni Agosti, DIC ni Desemba. Miaka ihesabiwe kutoka hapo, si kutoka siku ulipoletewa. Kasha la dukani huweza kuwa limeshakaa mwaka au miwili, na safari yako ya miaka 5 ikawa imebaki mitatu. Kujua hivyo kunapunguza pupa kuliko nasaha yoyote.

Sasa hizo 14. Zigawe mara mbili leo. Nne zitoke kwenye kasha ziingie mkebe mdogo wa peke yake: hizo ni za kuonja, moja kila mwaka, mwezi uleule. Chagua Julai au Agosti, kusi inapovuma na joto limepungua, na usionje siku nyingine. Andika mambo matatu tu: ukali mwanzoni, ladha ilipofika nusu, na kama ilivutika kwa taabu. Ukiona miaka miwili mfululizo hakuna tofauti, siga imefika, ivute kwa raha. Miaka 5 si amri. Ya kuonja itoe saa ileile unayoiwasha, maana ikikaa mfukoni mwa shati kutwa nzima itanyonya unyevu wa bahari na kuwaka upande mmoja.

Kumi zilizobaki zifungwe na pakiti moja ya 65 (62 kama huna friji) kwenye mkebe unaozitosha bila nafasi kubwa, selotepu izungushwe mdomoni, na tarehe ya kufunguliwa iandikwe juu yake kwa herufi kubwa. Kama nyumbani kuna wageni wengi Desemba, mkebe huo usikae kwenye chumba cha kupokelea watu. Muwekee mgeni siga zake mbali, katika zile za kawaida, ili usilazimike kumnyima. Kipima unyevu kiwe cha aina inayosomeka kupitia plastiki au kwa simu, usipate sababu ya kufungua. Mara moja kwa mwaka, siku ileile ya kuonja, ndipo unapokata selotepu, unapima pakiti kwenye mzani, unaangalia matundu na ukungu, na kufunga tena ndani ya dakika tano.