Mtoto yuko la nne, kusoma bado: tununue vishikwambi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mjumbe wa kamati ya shule ya serikali huku kijijini. Watoto wengi wako la nne na la tano lakini kusoma hamna kitu, hata wangu akishika kitabu anaangalia picha tu. Wazazi wengine wanataka tuchange tununue vishikwambi. Unatushauri nini? Mzazi, Morogoro

JIBU: Marahaba mzazi mwenzangu. Hela msiitoe kwanza. Hapa hapa Tanzania, 2013 na 2014, kwenye utafiti wa KiuFunza uliogusa shule 350, kuna shule zilipewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi, zingine walimu wakaahidiwa bonasi watoto wakifaulu, zingine zikapata vyote viwili. Zile za ruzuku tupu, watoto hawakupanda kwenye mitihani, zilizopata vyote ndo zilisogea vizuri. Vitu vikija na ufundishaji ukabaki ule ule, mtoto anabaki pale pale.

Mimi ningeanza na njia ya kufundisha kila mtoto kwa kiwango chake, walioianzisha shirika la Pratham kule India, na leo shule za serikali Zambia wanaifanya kwa jina la Catch Up. Mwalimu anamwita mtoto mmoja mmoja anampa karatasi, juu herufi, halafu maneno, halafu aya fupi, mwisho kahadithi, anapokwama ndo kundi lake hilo. Basi kila siku, kama saa moja hivi, la tatu mpaka la tano wanachanganywa, yule wa la tano ambaye hata silabi zinamshinda anakaa na wa la tatu wanaunganisha ba na ba mpaka itoke baba, na kwenye hesabu wanatumia vijiti tu vya kuokota. Baada ya wiki kadhaa wanapimwa tena, aliyevuka anahamia kundi la juu.

Ila jamani, kundi la chini lisipewe jina la kudhalilisha! Mtoto wa miaka 11 akichekwa leo, kesho haji shule.

Mwalimu mkuu anaweza kuwaambia silabasi itachelewa na upimaji wa la nne uko karibu. Mwambieni kwa heshima kwamba mtoto asiyeweza kusoma swali atalijibuje? Kaeni naye pamoja na afisa elimu kata, muombe hiyo saa moja iingie kwenye ratiba. Ikishaingia, hapo sasa changeni, za kutoa fotokopi za karatasi za kupimia na kununua vitabu vya hadithi fupi fupi vya kutosha makundi yote.