Uliza Mwalimu: Mbwa mwitu wamegoma kuvuka

Shikamoo Mwalimu. Mwanangu wa gredi ya tano alipewa na mjomba wake Nintendo DS iliyotumika, ile mashine ya michezo ya mkononi, yenye mchezo wa mafumbo wa Professor Layton, ule wa kijiji. Alikwama, nikamwambia "lete nikuonyeshe", na sasa tumekwama wawili. Mbwa mwitu watatu na vifaranga watatu wanavuka mto kwa boti ya kubeba wawili tu, na haisogei bila mnyama ndani. Upande wowote mbwa mwitu wakizidi vifaranga, wanawala. Siku ya tatu hii. Juzi nimeunguza ugali. Nisaidie kabla Kevo hajarudi shuleni.
Mama Kevo, Kayole

Marahaba, Mama Kevo, na pole kwa ugali.

Hiyo mashine iweke chini kwanza. Tafuta vizibo sita vya soda, vitatu vya rangi moja na vitatu vya nyingine. Laza mwiko mezani, ndio mto. Kwenye kioo ukikosea unaanza upya na kusahau ulikosea wapi. Mezani kizibo kinakungoja palepale.

Ulipokwama napajua. Ulivusha mbwa mwitu wawili, mmoja akarudisha boti. Ukavusha wawili tena, mmoja akarudi. Kisha vifaranga wawili wakaenda. Sasa ng'ambo kuna mbwa mwitu wawili na vifaranga wawili, huku wamebaki mmoja na mmoja. Ukaona kazi imekwisha, kumbe ndiyo inaanza. Akirudi mbwa mwitu peke yake, huku watakuwa wawili kwa kifaranga mmoja. Akirudi kifaranga peke yake, maafa yanahamia ng'ambo.

Rudisha wawili: mbwa mwitu mmoja na kifaranga mmoja. Ndiyo, wale wale uliohangaika kuwavusha. Mimi fumbo hili lilinishinda ndani ya matatu kutoka Buruburu hadi mjini, siku ambayo Jogoo Road ilikuwa imefungana, kwa hiyo usidhani ni dakika kumi. Sisi watu wa Nairobi tukishapenya foleni nani atatushawishi kugeuza gari?

Baada ya safari hiyo ya sita ni mteremko. Vifaranga wawili wavuke, mbwa mwitu mmoja arudi na boti, halafu mbwa mwitu wavuke wawili, mmoja arudi, wawili wa mwisho wavuke. Safari 11, na chini ya hapo haiwezekani.

Mchezo wenyewe ulitoka Japani mwaka 2007, na mafumbo yake yalisimamiwa na Akira Tago, profesa wa saikolojia. Lakini mambo ya kuvusha wanyama mto ni ya zamani mno. Mbwa mwitu, mbuzi na kabichi wameandikwa kwa Kilatini tangu karne ya 9, na bibi yangu, ambaye Kilatini hakukisikia maishani, alinitegea kwa chui, mbuzi na majani. Mpe Kevo hilo la bibi kwanza. Humo pia kuna mmoja anayerudishwa akiwa ameshavuka, naye ni mbuzi.

Mwalimu, kuna mawe nane yanayofanana, moja ni jepesi, na naruhusiwa kupima mara mbili tu. Nagawa manne kwa manne, halafu mawili kwa mawili, nabaki na mawili na nimeishiwa. Sarafu za mchezo za kununulia vidokezo nimemaliza zote.
Msomaji wa miaka 13, Umoja

Kijana, mizani unayoijua wewe ni ile ya buchari inayotoa namba. Hii ya mchezo ina sahani mbili, na ina majibu matatu: kushoto, kulia, au sawa. Ukigawa manne kwa manne, hilo jibu la "sawa" umelitupa kabla hujapima.

Weka matatu kwa matatu, mawili yakae nje. Zikilingana, jepesi ni mojawapo ya yale ya nje, basi yapime. Sahani moja ikipanda, chukua matatu yake, pima moja dhidi ya jingine, la tatu likae kando. Yakilingana, ni lile la kando.

Sarafu zaidi zimefichwa katika picha za mtaa. Gusagusa kwa ile kalamu yake madirisha, taa na mapipa. Ila usizimalize tena kwa papara: soma swali mara mbili kabla ya kununua kidokezo, na kumbuka ukijibu vibaya pointi za fumbo hilo zinapungua.

Mke wangu na mtoto wanatazama majibu ya mafumbo YouTube kisha wananiringia. Huo si wizi?
Baba wa Embakasi

Si wizi, mzee. Wape vizibo na mwiko, simu ikae chumbani, wakuonyeshe jinsi ya kuvusha. Ila barua yako haisemi wewe mwenyewe umefumbua mangapi.