Usiifungie Taaluma Yako Sandukuni: Kwa Mhandisi Anayejiandaa Kuja Kanada

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe kutoka kwa kijana mmoja wa Mbeya, mhandisi wa ujenzi, ambaye amepata ukaazi wa kudumu wa Kanada pamoja na mke wake na anatarajia kufika Toronto kabla mwaka huu haujaisha. Alinipa shikamoo, akaniita kaka, akajitambulisha kwa adabu, kisha akauliza: "Kaka, ni kweli kwamba vyeti vyetu huko havina thamani, na kwamba nijiandae tu kubeba maboksi?" Sikuweza kumjibu siku ile. Maneno hayo ndiyo niliyoambiwa mimi katika wiki yangu ya kwanza ya kuishi nchi hii, na kwa kuwa niliyaamini, nilipoteza muda ambao hakuna anayeweza kunirudishia. Nimeona ni heri nimjibu hapa, kwa sababu najua hayuko peke yake, na kila anayesoma makala hii amebeba bahasha ya vyeti au anajiandaa kuibeba.

Nilifika Toronto Januari 2018 kupitia Express Entry, mpango wa Kanada wa kuwapokea wahamiaji wenye ujuzi. Nilikuwa na umri wa miaka 34, nimefanya kazi ya barabara na madaraja kwa miaka tisa, na nilikuwa nimesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi ya Tanzania. Nyumbani watu hawakuniita kwa jina tupu. Waliniita Mhandisi, hata mama mkwe wangu. Tulipokelewa na Mtanzania mwenzetu aliyetutangulia kwa miaka mingi, ambaye alitutendea wema mkubwa kwa kutupa chumba cha chini ya nyumba yake kwa wiki sita bila kutudai kitu. Usiku wa pili, baada ya chakula, nilimtolea bahasha yangu ili anielekeze pa kuipeleka. Hakuifungua. Aliisogeza pembeni ya meza akasema, "Hivi viweke sandukuni, ndugu yangu. Huku hakuna anayevisoma. Kesho kutwa nitakupeleka kwa wakala wa kazi." Sisi tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na jembe lile nililipokea kwa shukrani, kwa sababu nilikuwa na mke, mtoto wa miaka minne, na akiba iliyokuwa ikiyeyuka kila nilipoigusa.

Hivyo nikaingia ghalani, Mississauga, mji jirani na Toronto, zamu ya usiku. Kima cha chini cha mshahara cha Ontario, jimbo ambamo Toronto imo, kilikuwa kimepandishwa mwezi ule ule wa Januari kutoka dola 11.60 hadi dola 14 kwa saa, na wakala alinieleza jambo hilo kana kwamba limefanyika kwa ajili yangu. Sitaeleza sana maisha ya ghalani, kwa sababu usiku mmoja unafanana na mwingine. Kazi ile ilitulisha, ikatulipia nyumba, na simdharau mtu yeyote anayeifanya leo. Kilichoniumiza kilikuwa nje ya ghala. Kila Jumapili baba alipiga simu, na kila Jumapili aliniuliza ninajenga daraja gani. Mwanzoni nilikwepa. Baadaye nikaanza kumtajia daraja ambalo basi letu lilipita juu yake alfajiri, tukitoka kazini. Baba alifariki mwaka 2020 akiwa amewasimulia majirani habari za daraja hilo. Nimeandika jambo hili kwa mara ya kwanza hapa, na nimeliandika ili wewe mdogo wangu usije ukajikuta umeshika simu huku ukitafuta cha kumwambia baba yako.

Mlango ulifunguliwa na mke wangu. Mwezi Februari 2019 alikwenda kwenye kituo kinachowasaidia wahamiaji wapya, akifuatilia mambo ya shule ya mtoto, akaona tangazo la mpango wa kuwakutanisha wahamiaji wenye taaluma na wataalamu wenyeji. Huduma za vituo hivyo hugharamiwa na serikali na ni bure kwa mkazi wa kudumu. Nilikuwa nimeishi mwaka mzima mtaa wa tatu kutoka kituo hicho bila kuingia, kwa sababu nilidhani ni mahali pa watu wasiojua Kiingereza. Kiburi hicho kilikuwa changu mwenyewe, siwezi kumtwika mwenyeji wetu.

Nilikutanishwa na mzee mmoja mhandisi mstaafu. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Faili lako limefikia hatua gani?" Nikamuuliza, faili gani? Alinyamaza kwa muda, akavua miwani, kisha akanieleza taratibu mambo ambayo yangenichukua jioni moja kuyasoma nikiwa bado Tanzania. Alinieleza kwamba uhandisi Ontario husimamiwa na chombo kinachoitwa Professional Engineers Ontario, kwamba faili alilouliza ni la maombi ya leseni ya chombo hicho, na kwamba ripoti ya tathmini ya elimu niliyofanyiwa kwa ajili ya uhamiaji haikuwa na uhusiano wowote na leseni. Nilihitaji miezi 48 ya uzoefu wa kazi, ambayo sehemu kubwa ningeweza kuithibitisha kwa kazi niliyofanya nyumbani, lakini miezi 12 kati ya hiyo ilipaswa kupatikana Kanada, chini ya mhandisi mwenye leseni. Akaongeza neno lililonikata maini: maombi yale ningeweza kuyatuma kabla sijapanda ndege.

Kisha aliuchukua wasifu wangu, akafuta picha, tarehe ya kuzaliwa, hali ya ndoa na dini, kwa sababu mwajiri wa huku hapaswi kuamua kwa mambo hayo. Alipofika juu kabisa, akalifuta pia neno Mhandisi lililotangulia jina langu. Alinieleza kwamba kwa sheria ya Ontario, mtu asiye na leseni haruhusiwi kujitambulisha kwa cheo hicho. Nilimwelewa, na sheria yenyewe ina maana, kwa kuwa inamlinda mtu anayelala chini ya dari lililochorwa na mwingine. Hata hivyo nilirudi nyumbani siku ile nikiwa kama mtu aliyenyang'anywa jina.

Mwezi Juni 2019, kwa msaada wake, nilipata kazi ya kupima zege kwenye maeneo ya ujenzi. Ni kazi ya fundi wa maabara, na kwa cheo nilikuwa chini ya vijana niliowazidi miaka 12, lakini nawaambia wahandisi wote wa ujenzi wanaokuja huku waitafute. Unapanda kwenye jengo na ndoo, koleo na koni ya kupimia mlegeo wa zege. Unapima joto la zege na kiasi cha hewa iliyomo. Unajaza silinda ambazo zitakwenda kuvunjwa maabara baada ya siku 7 na siku 28. Nyumbani sikuwahi kuhangaika na hewa ndani ya zege. Huku viputo vidogo vya hewa huongezwa kwa makusudi, ili maji yanapoganda na kutanuka ndani ya zege yapate nafasi na yasilipasue. Msingi wa jengo Toronto hushushwa takribani mita 1.2 chini ya ardhi kwa sababu hiyo hiyo ya baridi, kusudi udongo unaoganda usije ukauinua. Mambo haya nisingeyajifunza ghalani hata ningekaa miaka kumi. Niliyajifunza nikiwa na matope magotini, na kila siku niliyoyajifunza ilikuwa inaandikwa kwenye faili langu, kwa kuwa msimamizi wangu alikuwa mhandisi mwenye leseni na alikubali kunithibitishia. Ndiyo maana nasema, kati ya kazi mbili, chukua ile iliyo karibu na taaluma yako hata kama inalipa kidogo. Kazi iliyo karibu na taaluma hukuletea shahidi.

Upatikanaji wa nyaraka ulitutesa kuliko mitihani. Chombo cha usajili kilitaka nakala rasmi za matokeo zitumwe moja kwa moja na chuo, si na mimi. Mdogo wangu wa kike alisafiri mara tatu kwa basi kufuatilia bahasha moja, na mara ya tatu alikwenda akiwa na ujauzito wa miezi saba. Mtu mmoja aliyekuwa msimamizi wangu katika kampuni ya zamani, ambaye nilimfanyia kazi kwa uaminifu miaka minne, alikaa na fomu yangu ya uthibitisho miezi mitano bila kuijaza, na aliponijibu aliniuliza nitamtumia nini. Hilo bado linaniuma. Ongea na wasimamizi wako sasa, mkiwa mnaonana uso kwa uso, ukiwa bado na uwezo wa kukaa kwenye benchi nje ya ofisi yao hadi watoke.

Nilituma maombi mwaka 2020, nikapangiwa mitihani ya kiufundi, nikaifanya, nikafanya na ule wa sheria na maadili ya taaluma, na mwezi Machi 2023 nikapata leseni na muhuri wenye jina langu. Miezi miwili baadaye, Mei 2023, sharti la miezi 12 ya uzoefu wa Kanada likaondolewa kwa waombaji wote. Niliposoma habari hiyo nilifurahi na kuumia kwa wakati mmoja. Leo mwombaji hueleza uzoefu wake kupitia vipengele 34 vya umahiri, na mifano ya kazi alizofanya nyumbani inakubalika. Tena, tangu Januari 1, 2026, mwajiri wa Ontario mwenye wafanyakazi 25 au zaidi haruhusiwi kuweka sharti la uzoefu wa Kanada katika tangazo la kazi analolitoa kwa umma. Usidhani, hata hivyo, kwamba swali hilo limekufa. Utaulizwa kwenye usaili kwa maneno mengine, na atakayekuwa na jibu ni yule ambaye faili lake limeshafunguliwa.

Kwa hiyo sikiliza, mdogo wangu. Kubeba maboksi si aibu. Ukifika na mfuko ukiwa mwepesi, yabebe. Lakini fungua faili kabla hujayabeba, na kama umechelewa, lifungue juma hilo hilo unapoanza kuyabeba. Watu wetu wengi wa huku, wema kabisa, watakupa ushauri unaotokana na kile kilichowashinda wao. Wapokee, washukuru, kula chakula chao, kisha nenda ukamuulize mwenye leseni. Habari za leseni huulizwa kwa mwenye leseni. Nalirudia hili kwa sababu mimi nilimuuliza mtu ambaye hakuwahi kuituma hata fomu moja, nikalichukua jibu lake kama sheria ya nchi.

Kuhusu nyumba uliyoniuliza, nitasema kwa ufupi. Mwenye nyumba atataka kuona historia yako ya mkopo, na wewe hutakuwa nayo. Alama zake huhesabiwa kati ya 300 na 900 na hujengwa kwa kulipa madeni madogo kwa wakati, basi chukua kadi ya mkopo ya benki mapema, uitumie kidogo na uilipe yote kila mwezi. Sisi tuliwahi kudaiwa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, tukaitoa kwa woga, bila kujua kwamba amana ambayo sheria ya Ontario inamruhusu mwenye nyumba kuidai haizidi kodi ya mwezi mmoja. Nambari ya bima ya jamii, ile yenye tarakimu 9, iombe siku za mwanzo kabisa, maana bila hiyo hakuna mwajiri atakayekulipa kihalali, na usimpe mtu asiyehusika.

Mwishoni mwa ujumbe wako umeandika kwamba mke wako ni muuguzi, na kwamba mmekubaliana asubiri kwanza mpaka wewe utulie. Hapo sikubaliani nanyi. Usajili wake unasimamiwa na chombo cha wauguzi kinachoitwa College of Nurses of Ontario, mtihani wa wauguzi waliosajiliwa ni NCLEX-RN, na nyaraka za chuo chake zitahitaji kufuatiliwa kwa miguu kama zangu. Mwende wote wawili, kila mmoja kwenye chuo chake, juma hili, na fomu zake ziondoke siku moja na zako.